Siku Niliyowaambia Wakate Intaneti

Nyangeta, mama yangu,

Goti haliniumi. Nianze na hilo kabla sijapata njia ya kulikwepa. Asubuhi mlipokuwa mnajiandaa kwenda Butiama kumuaga bibi yako mzaa mama, nilishika goti, nikakunja uso, na mama yako kwa huruma zake akasema, "Baki tu, Baba Nyangeta, kukaa kwenye gari kutakutesa." Nikabaki. Mlipokata kona pale kwa fundi cherehani tu, nikainuka, nikaenda dukani kununua kalamu na daftari, na sikuchechemea hata hatua moja. Sababu ya uongo huo utaikuta humu ndani, kwa hiyo soma yote, usiruke.

Sasa ni saa kumi jioni na basi lako ni kesho alfajiri. Mambo ya sweta, blanketi na baridi ya Mbeya mama yako amekwisha kukufundisha tangu Jumatatu, tena amekufungia dagaa wa kukaanga wa kutosha mtaa mzima. Mimi sina la kuongeza huko. Mimi nakuandikia kuhusu intaneti. Najua utacheka. Cheka, lakini ukimaliza uendelee kusoma, maana kuna jambo nimekuficha tangu wiki ya usaili wako, na sitaki uondoke likiwa bado tumboni mwangu.

Unakumbuka siku mafundi walipokuja na ngazi? Ulikuwa umerudi kutoka chuo Mwanza, una cheti, kazi huna, na ulikuwa unashinda chumbani na kujifunika shuka mpaka saa nne. Ukaniambia ukipata intaneti ya uhakika nyumbani unaweza kupata vibarua vya kuandika maneno yanayosemwa kwenye video za watu. Sikuelewa hata kidogo. Nilichoelewa ni kwamba macho yako yalikuwa yamechangamka kwa mara ya kwanza tangu urudi, nikasema waleteni hao mafundi. Watoto wa mtaa mzima walijaa uani. Mama yako akaishonea ruta kitambaa, akaifunika kama redio ya zamani, mpaka ukamwambia itapata joto. Elfu tisini kwa mwezi. Niliguna, lakini mtaa wetu ulikuwa na kampuni hiyo moja tu. Ungeilinganisha na nani?

Halafu ikaja kampuni ya pili, na gari lake la spika. Ikaja ya tatu. Walikuwa wanagawa fulana, wanagawa kofia, wanabandika karatasi kwenye kila nguzo kuanzia sokoni mpaka kwetu. Nilichukua kofia zao zote. Nilikuwa navaa kofia ya kampuni ya pili huku nalipa ya kwanza, na sikuona ajabu yoyote. Kumbe wakati mimi nakusanya kofia, wale watu walikuwa wanagombania wateja, na bei zinashuka mtaani kote isipokuwa kwetu.

Nikueleze kwa nini nilikuwa mjinga kiasi hicho, maana ujinga wangu una asili yake.

Miaka ishirini na moja nilinunua samaki mwaloni Kibara, pale mitumbwi inaposhusha, na kuwauza Bunda na hapa Musoma. Ulikula shule kwa hao sato, unajua. Mwaloni kulikuwaga na nyongeza. Ukimaliza kununua beseni lako, muuzaji anachukua samaki mmoja au wawili, anawatupia juu, anasema, "Hao wa watoto." Hulipi. Na nyongeza haiombwi. Anayeiomba anaonekana mgeni. Unakuja leo, unakuja kesho, unakuja siku ya mvua na siku samaki wamepungua, na kadiri unavyokuja ndivyo nyongeza inavyokua. Mama Masatu, yule wa gulio la sato ambaye ulikuwa unamuogopa kwa sauti yake, mwaka wa kwanza alinitupia furu mmoja mwembamba kama kidole. Mwaka wa tano alikuwa ananifungia sato mzima kwenye karatasi yake peke yake, na jina lako analitaja.

Basi mimi nikadhani kampuni ya intaneti nayo ni mama Masatu. Nalipa tarehe ileile kila mwezi, sijawahi kuchelewa, sijawahi kulalamika hata mvua ilipoikata siku mbili. Nikawa nasubiri nyongeza. Kila nikilipa unaingia ujumbe kwenye simu, "Asante kwa kuendelea kuwa nasi," nami namuonyesha mama yako: unaona, wanatujua hawa, siku si nyingi watatupunguzia. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Hiyo asante, Baba Nyangeta, inaliwa na ugali au na wali?"

Nawe uliniambia, tena si mara moja. "Baba, wapigie, waulize kama wana kifurushi cha chini." Nikakujibu vibaya, nakumbuka. Nilisema mimi siyo ombaomba. Ukweli ni kwamba niliogopa, mama. Mimi, niliyekuwa nashusha bei ya beseni mwaloni watu wamenizunguka, wanashangilia, niliogopa kuongea bei na binti kwenye simu kwa sababu bei yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Kitu kilichoandikwa kimenitisha tangu utoto. Niliona bei ya samaki inatoka mdomoni mwa mtu, kwa hiyo mdomo unaweza kuirudisha, lakini ya kwenye karatasi nani ataifuta? Miaka mitatu nimelipa uoga huo.

Kilichoniamsha ni mwalimu Mafuru, jirani yetu. Tumetoka kanisani, tunapunga upepo pale uani, akasema intaneti ya kwake ni elfu sitini. Nikamwambia basi lazima ni ya konokono. Akasema hapana, inakimbia mara mbili ya ile yenu. Nikauliza kampuni gani, nikitegemea ataje ya pili au ya tatu. Akaitaja ya kwetu! Kampuni yetu wenyewe! Yeye kaja mwaka jana tu, mgeni kabisa, kapewa sato, na mimi mteja wa siku zote sijatupiwa hata furu.

Weee! Nilipandwa na hasira, Nyangeta, hasira za mtu aliyejua amechelewa. Mahubiri yote ya siku ile yakanitoka. Jumatatu asubuhi nikajifungia chumbani nikawapigia.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Mwaloni ukishindwana bei na muuzaji mgeni, unafanya kitu kimoja. Unanyanyua mguu. Unamwambia, "Basi, kaa na samaki wako," unageuka, unatembea taratibu kuelekea mtumbwi mwingine. Hujamaliza hatua kumi utasikia, "We bwana! Rudi, lete hiyo hela yako!" Nimefanya hivyo mara nyingi mno, na kwa wageni haikuwahi kunishinda. Kwa hiyo binti wa kampuni alipoanza kunieleza habari za mfumo na utaratibu, sikumsikiliza. Sikumuuliza bei ya Mafuru imetoka wapi, sikuwa hata na bei ya kampuni nyingine mkononi. Nikapandisha sauti. "Basi kateni! Sitaki tena! Kateni hata leo!" Nikasubiri aniite.

Yule binti akasema kwa upole kabisa, "Sawa mzee wangu, nimekuelewa. Huduma itasitishwa Jumatano saa sita usiku. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Nikasema hakuna. Ningesema nini kingine? Nikakata simu, nikakaa kitandani, nikajiambia atanipigia tu, anajikaza. Jumanne nikashinda na simu mfukoni. Jumanne hiyohiyo jioni, mezani, ukatuambia usaili wako ni Alhamisi saa nne asubuhi, kwa video, na kwamba watu wa Mbeya wanaita wanne tu. Mama yako akapiga kigelegele ugali ukiwa mdomoni. Na mimi nikajua. Palepale, na tonge mkononi, nikajua. Ningesema, "Mwanangu, nimefanya upumbavu, twende kesho mapema tukaurekebishe," ungekasirika dakika tano na yangeisha hapo. Sikusema. Niliona aibu. Nikajidanganya kwamba wataniita kabla ya Jumatano usiku, kwamba kampuni haiwezi kumuachia mteja wa miaka mitatu aende hivihivi.

Alhamisi saa tatu na nusu ukaikuta taa ya ruta nyekundu. Ulikuwa umevaa blauzi nyeupe na khanga chini, kwa kuwa huko chini hawakuoni. Ukaizima, ukaiwasha. Ukajaribu bando la simu, picha ikaganda na mdomo wako wazi. Ukaniangalia, machozi yanalenga, ukasema, "Baba, kampuni imeniua." Na mimi baba yako, nikiwa nimesimama mlangoni na akili zangu timamu, nikasema, "Hawa watu! Hawa watu ni wa kushtakiwa!"

Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Kukata lilikuwa kosa la mjinga. Ila hilo la kusema "hawa watu" lilikuwa la mtu anayejua.

Ukakimbia na kompyuta kichwani, na khanga yako, mpaka kwa mwalimu Mafuru. Umechelewa dakika kumi. Ukafanya usaili sebuleni kwake, jogoo wake anawika kila ukiulizwa swali, na baadaye ukatuambia mmoja wa wale wakubwa alicheka akauliza kama jogoo naye anaomba kazi. Ulirudi unacheka. Mimi sikucheka. Siku tisa mpaka majibu yalipotoka sikula vizuri, na nikamwambia mama yako ni vidonda vya tumbo. Amenichemshia uji wa lishe siku tisa, maskini, na uji wenyewe siupendi.

Mchana uleule wa usaili nilikwenda ofisini kwao, hapa hapa mjini. Safari hii nilipita kwanza kwenye vibanda vya kampuni nyingine mbili. Nikauliza kama mtu anayenunua samaki siyo anayegombana nao: bei ni ngapi, kufungiwa ni bure au nalipa, hiyo bei ni ya kudumu au ni ya miezi mitatu ya kunivuta, nikitaka kuhama kabla ya mwaka mnanitoza nini. Swali la miezi mitatu liliwafanya waangaliane. Kumbe bei ya bango la mmoja wao ilikuwa inapanda tena baada ya hapo, na bangoni imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Nikaandika yote kwenye bahasha ya mchango wa kanisa, maana sikuwa na karatasi nyingine.

Kwenye ofisi ya kampuni yetu nikamkuta dada mmoja mezani, lafudhi yake tu nikajua ni mtu wa huku kwetu kandokando ya ziwa. Nikamwekea bahasha mbele. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuja kuomba nyongeza." Akacheka mpaka akafunika uso. Akasema, "Mzee, hapa nyongeza ipo, ila hakuna anayekutupia. Mashine haikujui sura. Wewe uko kwenye kifurushi cha zamani, na kitakaa hivyohivyo mpaka useme." Akabonyeza, akaniwashia tena, akanihamishia kwenye kile cha Mafuru. Elfu sitini, spidi mara mbili, ruta ileile, hakuna kufungiwa upya. Haikuchukua muda wa kunywa soda. Miaka mitatu, Nyangeta! Kwa jambo la muda wa kunywa soda!

Nikarudi nyumbani, nikawaambia nimewapigia kelele wakaomba radhi, na kwa aibu yao wakapunguza bei. Ukanikumbatia. Ukasema, "Baba, wewe kiboko!" Na nilikubali. Nilivuta kiti nikakaa kama kiboko kweli.

Tangu hapo hadithi hiyo umeitembeza. Umewasimulia wanakwaya. Umemsimulia shangazi yako wa Bunda, naye akaapa kampuni ile haitakanyaga kwake, akawatangazia na wenzake wa sokoni. Kampuni ya watu inasemwa vibaya mpaka Bunda kwa ajili yangu! Na leo nilijua utamsimulia bibi yako Butiama, kwa mikono na sauti zote, mpaka jogoo utamuwikisha. Kisha utanigeukia mbele ya wakwe zangu useme, "Baba akawanyoosha." Ndiyo maana goti liliuma.

Shangazi nimempigia saa nane, nikamwambia yote. Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Akaokota akauliza, "Umemwambia mtoto?" Nikasema naandika. Akasema, "Andika upesi."

Sasa huko Mbeya utapanga chumba, na kazi yako inataka intaneti, utafunga ya kwako. Kabla hujasaini kokote waulize wapangaji wenzako wanalipa ngapi. Usione haya kuuliza, haya ya kuuliza nimeilipia mimi kwa niaba ya ukoo mzima. Wewe uko peke yako, hutahitaji spidi ya nyumba yenye mama anayeangalia tamthilia na baba anayeangalia mpira. Siku ofa itakapoisha iandike ukutani, na uwapigie kabla haijafika, kwa sauti ya chini, bei ya wengine ikiwa mkononi. Na neno "kateni" lisikutoke mpaka ile nyingine iwe imekwisha kuwaka ndani. Watakupunguzia, wanagombania watu kama wewe. Wasipokupunguzia, hama, na usiwe na huruma nao kabisa. Hawatakusikitikia, wewe kwao ni namba ya akaunti.

Lakini kuna kitu nataka ukijue upande wa pili. Zamani, wewe hujazaliwa, niliwahi kumnyanyulia mguu mama Masatu. Nilikuwa na wachuuzi wenzangu, nikataka kujionyesha. Nikasema, "Kaa na samaki wako." Nikatembea hatua kumi, ishirini, nikafika kwenye mitumbwi ya mwisho, hakuniita. Nilirudi Bunda na beseni tupu. Mwezi mzima hakunisemesha. Nikamrudia na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima, akanikatisha. Akasema, "Magesa, mguu unamnyanyulia mgeni. Mimi ungeniambia tu huna hela." Nimeyakumbuka sana maneno hayo wiki hizi. Nilimpigia kelele binti wa simu kama mgeni, sawa, ni mgeni. Halafu nikageuka nikakufanya na wewe mgeni, ndani ya nyumba yako.

Jumapili ulisema, "Baba, nikiondoka kateni hiyo intaneti. Mama atatosheka na bando la simu." Hesabu yako ni sahihi, sina ubishi. Jana nilikwenda ofisini kwa yule dada. Aliponiona tu akasema, "Shikamoo mzee, nyongeza tena?" Nikamwambia naomba kifurushi kidogo kuliko vyote. Akaniuliza nakitumia kwa kazi gani, ili anichagulie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nikasema, "Kumuona mtoto." Akaanza kubonyeza. Amenipa cha elfu thelathini na tano, anasema uso wako utakuja bila kuganda. Kwa hiyo haikatwi. Jumapili baada ya kanisa, mama yako na mimi tutakuwa mbele ya simu, yeye ameshavaa, mimi nimeshanyoa.

Nilipoanza kuandika mpango wangu ulikuwa niifiche barua hii katikati ya sweta zako, uisome basi likiwa limeshapita Singida, nami niko mbali salama. Nimefika hapa nikaona huko nako ni kunyanyua mguu, nikitegemea utaniita.

Nawasikia getini. Mama yako anacheka, bila shaka ni jogoo. Nitakupa barua hii mkononi sasa hivi, kabla hujavua viatu, kisha nitakaa kwenye stuli mbele yako mpaka uimalize. Siendi kokote.

Baba yako